Shule ya sekondari ya kijijini: ni ya kanisa, ya serikali ao ya wazazi?

Ndugu wanafunzi na wahitimu, wengi wetu tulipatia diplome ya serikali kwenye shule ya kijijini. Kule kwetu Kivu ya Kusini, uliza mzee shule iko ya nani: "ya misioni." Prefe atasema: "ya serikali." Mzazi anacheka tu, juu njo yeye analipa. Wote watatu wanasema kweli. Tuangalie historia.

Tuanze na udongo. Tarehe 26/5/1906, serikali ya Leopold II ilipatana na Vatikano: kila misioni ya Katoliki ipewe ektari 100 mpaka 200 za kulima, nayo ifungue shule, ifundishe pia kilimo na kazi za mikono. Njo maana shule nyingi za zamani ziko pembeni ya kanisa, kwenye kilima kizuri. Waprotestanti walingojea mpaka 1948 ili shule zao zisaidiwe feza. Shule za serikali zisizo za dini kwa watoto Weusi zilianza 1954, wakati Auguste Buisseret alikuwa waziri wa makoloni kule Ubelgiji.

Kisha uhuru, Mobutu. Mwisho wa 1974 serikali ilinyanganya makanisa shule zao. Kuziendesha kukaishinda. Tarehe 26/2/1977 ikatia sahihi mapatano na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu. Toka pale tuko na shule "konvansyone": kanisa linaendesha, lakini programu, mshahara wa mwalimu na Exetat ni vya serikali. Kwa hiyo shule inaweza kuwa na jina la mtakatifu na bado ni shule ya serikali.

Lakini mshahara wenyewe? Miaka ya 1990 ulipoteza nguvu kabisa, walimu wakagoma, na wazazi wakakubali kulipa prime ili watoto wasome. Ilikuwa ya kungojea tu. Sekondari bado tuko nayo. Masomo ya bure yaliyoanza 2019 yanafuata kipengele cha 43 cha Katiba ya 2006, na kipengele hicho kinasema shule ya msingi. Mtoto aliyemaliza la sita bila kulipa anavuka kiwanja kuingia sekondari, anakuta minervali inamungojea. Mama anauza maharagi, anauza mbuzi. Feza zikikosa, mara nyingi msichana njo anabaki nyumbani wa kwanza.

Mimi niko muagronome, kwa hiyo narudia kwenye udongo. Sheria ya 20/7/1973 inasema udongo wote ni wa serikali. Mwenye kupewa anaonyesha haki yake kwa hati ya usajili. Shule ngapi ziko nayo? Nyingi ziko tu na neno la mzee: "baba yangu alipatia misioni hiki kilima." Mzee akifariki, neno linaenda naye. Kule nilikosomea, shamba tulimofanyaka salongo limekatwa viwanja, leo ni manyumba. Na shule ya kilimo bila shamba inafundisha kupanda muhogo kwa chaki.

Basi, mukienda kongé kijijini, mutafute vitu vitatu. Kwanza, arete iliyokubali shule na kila seksyo yake. Pili, liste ya walimu wenye matrikule. Asiye nayo serikali haimulipe, mzigo unabaki kwa wazazi. Tatu, hati ya udongo, na kama haiko, muulize wazee mipaka inapita wapi, muandike, mupige picha, muachie prefe kopi na kanisa kopi. Hati ikikosa, dosye ianze sasa, wakati wenye kujua mipaka wangali hai.

Kanisa lilileta kilima, serikali ikaleta karatasi, wazazi wanaleta feza kila mwezi. Sisi tuliosoma pale tulete kalamu.