Kwa Nini Mbwa Hula Kinyesi?

Umempa mbwa wako ukoko wa ugali na mchuzi wa dagaa. Amekula, ameshiba. Baada ya muda unamwona nyuma ya zizi. Anakula mavi ya ndama! Unamfokea, naye anakimbia huku amefyata mkia. Kesho yake unamkuta pale pale.

Watu wengi husema kwamba mbwa ni mchafu tu. Lakini mbwa ana sababu zake. Ukizijua sababu hizo, utaweza kumzuia.

Jambo la kwanza ni kwamba mbwa hana kinyaa kama sisi. Sisi tukisikia harufu ya mavi tunaziba pua. Yeye akisikia harufu hiyo anajua kuna chakula. Na kweli chakula kimo. Ng'ombe akila mahindi, punje nyingine hutoka zikiwa nzima. Mavi ya ndama anayenyonya yana mabaki ya maziwa. Kinyesi cha paka kina mabaki ya nyama, na mbwa hukipenda sana.

Sababu ya pili ni njaa. Tuseme ukweli, mbwa wengi wa vijijini hawapewi chakula cha kutosha. Mchana hulala kivulini, usiku hulinda nyumba, na chakula hujitafutia wenyewe. Mbwa mwingine hupewa chakula kizuri, lakini tumbo lake limejaa minyoo. Minyoo hula sehemu ya chakula chake, naye hubaki na njaa.

Mbwa jike aliyezaa ana sababu nyingine. Watoto wake wakiwa wachanga, yeye huwalamba na kula kinyesi chao ili mahali wanapolala pawe safi. Usimpige kwa sababu hiyo. Hiyo ni kazi ya mama. Watoto wa mbwa nao huonja kila kitu wanachokiona. Wengi huacha wakikua.

Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, huko Marekani, walitoa habari za uchunguzi wao. Waliwauliza maelfu ya watu wanaofuga mbwa. Waliona kwamba mbwa 16 katika kila 100 hula mara kwa mara kinyesi cha mbwa wenzao. Mara nyingi kinyesi hicho kilikuwa kibichi, hakikuzidi siku mbili. Kwa nini kibichi? Wataalamu hao wanadhani kwamba tabia hii ilitoka kwa mbwa mwitu wa zamani. Mayai ya minyoo yakitoka tumboni huhitaji siku kadhaa kabla ya kuweza kuambukiza. Basi mnyama anayekula kinyesi mapema husafisha pango lake kabla minyoo haijawa hatari. Maelezo hayo yanaingia akilini.

Sasa utauliza, kuna ubaya gani? Akila mavi ya ng'ombe au ya mbuzi, mara nyingi mbwa hapati madhara makubwa. Kinyesi cha watu ndicho chenye hatari zaidi, na hatari hiyo huturudia sisi wenyewe. Mayai ya mchango, yaani ile minyoo mirefu ya watu, hupita tumboni mwa mbwa bila kufa. Mtu mwenye minyoo akienda haja kichakani, mbwa hula kinyesi hicho, kisha huja kujisaidia karibu na jiko lako. Mayai yamesafirishwa! Tena mdomo ule ule hulamba sufuria uliyoiacha chini, na hulamba uso wa mtoto.

Nitakueleza habari ya Turkana, kaskazini magharibi mwa Kenya. Maji ni haba sana huko. Kwa muda mrefu akina mama wengi waliwatumia mbwa kuwasafisha watoto wachanga. Mtoto akijisaidia, mbwa huitwa, hula kinyesi kile na kumlamba mtoto mpaka awe safi. Usiwacheke. Mahali ambapo maji hufuatwa mbali, msaada huo si mdogo. Na katika vijiji vingi vingine mama humwacha mbwa afanye kazi hiyo hiyo.

Lakini mbwa wa Turkana wengi walikuwa na tegu mdogo sana, mdogo kuliko punje ya mchele. Mbwa hampati tegu huyu kwa kula mavi ya ng'ombe. Humpata kwa kula maini au mapafu mabichi ya mnyama mwenye mifuko ya maji ya ugonjwa huu. Baada ya wiki sita au saba, mayai ya tegu huanza kutoka katika kinyesi cha mbwa. Mbwa hujilamba sehemu ya nyuma, mayai hushika kwenye ulimi na manyoya. Kisha humlamba mtoto. Mtoto akiyameza mayai hayo, mfuko wa maji huanza kukua ndani ya ini au mapafu yake. Hukua polepole, miaka mingi, bila maumivu. Mtu huja kujua akiwa mkubwa, tumbo limevimba, na pengine ni lazima apasuliwe hospitali. Turkana ilikuwa miongoni mwa sehemu za dunia zenye wagonjwa wengi zaidi wa ugonjwa huu. Mwaka 1983 shirika la AMREF lilianza kazi ya kupambana nao huko. Wagonjwa walitafutwa na kutibiwa, na mbwa walipewa dawa ya tegu.

Basi tumzuieje mbwa? Kazi kubwa ni kumwondolea kinyesi. Chimba choo cha shimo na kukifunika. Kinyesi cha mtoto mchanga pia kitupe chooni, maana watu wengi hudhani hakina madhara. Kina madhara. Zoa mavi ya zizini kila asubuhi, uyatie katika shimo la mbolea, na kulizungushia miiba. Ukichinja, choma au fukia kwa kina maini na mapafu yenye mifuko ya maji. Usimrushie mbwa.

Kisha mlishe. Mpe chakula asubuhi na jioni, saa zile zile, hata kama ni ugali na makombo ya samaki. Mwone bwana mifugo akupe dawa ya minyoo. Mbwa mkubwa hupewa kila miezi mitatu. Watoto wa mbwa huanza wakiwa na umri wa wiki mbili. Dawa iitwayo prazikwanteli huua tegu. Mahali penye ule ugonjwa wa mifuko ya maji, bwana mifugo anaweza kukuambia umpe mara nyingi zaidi.

Kumpiga hakufai. Mbwa aliyepigwa hujifunza kula haraka, au kula kwa kujificha. Kumsugua pua kwenye mavi ni kumtesa bure. Kunyunyiza pilipili juu ya mavi ni kupoteza pilipili. Hata dawa zinazouzwa Marekani kwa ajili ya kuzuia tabia hii, wale wataalamu wa California waliona karibu zote hazikusaidia.

Mfundishe hivi. Akikaribia mavi, mwite jina lake kwa sauti ya kawaida. Akija, mpe kipande cha dagaa papo hapo. Fanya hivyo kila siku, kwa majuma kadhaa. Atajua kwamba kukujia wewe kuna faida kuliko mavi. Watoto wako wanaweza kukusaidia kazi hii, mradi wanawe mikono kwa sabuni baada ya kumshika.

Kama mbwa wako hakuwa na tabia hii na ameianza ghafla, au anakula sana na bado anakonda, au anaharisha, usihangaike na mafunzo kwanza. Huyo ni mgonjwa. Mpeleke kwa bwana mifugo.