Kijana na Chipukizi: Juu ya Usomaji wa Riwaya Hadharani

Kwa Waingereza, na kwa mataifa mengine kadhaa, imekuwa ada kuwakusanya watu ukumbini ili wawasikilize watungaji wapya wa riwaya wakisoma sehemu za maandiko yao wenyewe. Mtungaji husimama mbele ya hadhara, husoma kwa muda wa robo saa au zaidi kidogo, hujibu maswali, kisha hutia sahihi vitabu vilivyonunuliwa papo hapo. Mara nyingi watungaji hao huwa wamekwisha teuliwa na waamuzi, na majina yao yametangazwa katika orodha ya vijana wanaotumainiwa. Basi sherehe ya namna hii ina mambo mawili yaliyofungamana, nayo yafaa yatenganishwe kabla ya kupimwa. La kwanza ni sauti, yaani kusomwa kwa riwaya hadharani. La pili ni umri, yaani kumhesabia mtungaji miaka yake kabla ya kumpa nafasi ya kusikiwa.

Sauti ni ya zamani kuliko orodha. Charles Dickens alisoma hadithi yake ya Krismasi mbele ya watu wa Birmingham katika Desemba 1853, kwa ajili ya hisani. Tangu 1858 akawa akisoma kwa kiingilio na kwa faida yake mwenyewe, hata usomaji wake wa mwisho mjini London katika Machi 1870, miezi mitatu kabla ya kufa kwake. Lakini Dickens alipoanza kusoma hivyo alikuwa na miaka 41, na jina lake lilikuwa limekwisha enea. Watu walikwenda kumsikia mtu waliyemjua. Sherehe za siku hizi zimeugeuza mpango huo. Watu huitwa wamsikie mtu wasiyemjua bado, na dhamana wanayopewa ni orodha.

Orodha iliyo mashuhuri kupita zote ilizaliwa sokoni. Katika mwaka 1983 chombo kimoja cha Uingereza, kilichoundwa kwa kazi ya kuvitangaza vitabu, kilitoa majina 20 ya watungaji wa riwaya walio chini ya miaka 40, na jarida la Granta likachapa maandiko yao katika toleo lake la 7. Baadaye jarida hilo liliichukua kazi yenyewe, likatoa orodha nyingine katika 1993, 2003, 2013 na 2023. Miongoni mwa watu 20 wa kwanza walikuwamo Salman Rushdie, Buchi Emecheta, mzaliwa wa Lagos, na Kazuo Ishiguro, mzaliwa wa Nagasaki. Alikuwamo pia Adam Mars-Jones, ambaye alikuwa amekwisha chapa hadithi fupi lakini hajachapa riwaya hata moja; kwake yeye waamuzi hawakupima kazi iliyokwisha kutendwa, bali ahadi.

Hapana shaka kwamba waamuzi wa 1983 waliona mbali. Rushdie alikuwa amekwisha pata Tuzo ya Booker katika 1981. Katika wenzake, watano waliipata baadaye: Ishiguro katika 1989, Pat Barker katika 1995, Graham Swift katika 1996, Ian McEwan katika 1998 na Julian Barnes katika 2011. Ishiguro alipata pia Tuzo ya Nobel ya Fasihi katika 2017. Mafanikio hayo yaliwavuta wengine kuiga. Granta lilitoa orodha ya Wamarekani katika 1996, na ya waandishi wa Kispanyola walio chini ya miaka 35 katika 2010. Tamasha la vitabu la Hay nalo lilishiriki kuteua watungaji 39 walio chini ya miaka 40 kwa ajili ya Bogotá katika 2007, Beirut katika 2010, na Afrika iliyo kusini ya Sahara katika 2014, mwaka ambao Port Harcourt ulikuwa Mji Mkuu wa Vitabu Duniani kwa uteuzi wa UNESCO.

Mpaka wa miaka 40 au 35 haukutokana na fasihi. Fasihi haina sababu ya kumpokea mtu wa miaka 39 na kumkataa wa miaka 41. Sababu ni ya biashara. Mpiga chapa anayetumia fedha kumtangaza mtungaji hutumaini kuzirudisha kwa vitabu vitakavyofuata, na kijana hudhaniwa kuwa na vitabu vingi mbele yake. Gazeti nalo hupenda hesabu kamili na nyuso mpya. Sababu hizi si za kudharauliwa, maana kitabu kisichotangazwa hakisomwi; lakini ni kosa kuzidhania kuwa ni kanuni za uhakiki.

Kadhalika sauti ina mipaka yake. Mwenye kughani utenzi husaidiwa na vina na mizani. Sikio hupokea ubeti mmoja ukiwa umetimia, likangoja wa pili. Riwaya haikuundwa hivyo. Jambo lililotajwa katika sura ya kwanza huweza kupata maana katika sura ya 20, na msomaji aliye peke yake hurudi nyuma kulitafuta. Msikilizaji ukumbini hawezi kurudi. Kwa hiyo mtungaji huchagua kipande kinachosimama chenyewe: mazungumzo, mzaha, ugomvi, au masimulizi ya mtu anayesema “mimi.” Riwaya iliyojengwa polepole huonekana baridi jukwaani, ijapokuwa ni njema. Usomaji wa hadhara, basi, ni mwaliko wa kukifikia kitabu. Haufai kuwa hukumu juu yake.

Hapa ndipo lugha ya Kiswahili inapoleta msaada usiotazamiwa. Jina la Kiingereza la orodha ya Granta hutaja ujana, wala halitaji kuchipuka. Kiswahili kina maneno mawili. Kijana, neno lenye shina moja na mwana, huonyesha umri: mtu huwa kijana kwa miaka yake, atunge asitunge. Mkataba wa Vijana wa Afrika wa 2006 huhesabu ujana kuwa ni tangu miaka 15 hata 35. Chipukizi latokana na kitenzi kuchipuka, nalo huonyesha hali ya ukuaji. Kinachochipuka huweza kuwa mche uliopandwa juzi, na huweza kuwa kisiki cha mti wa zamani kilichopata mvua. Mtungaji chipukizi ni yule ambaye kazi yake ndiyo kwanza inatokeza, awe na miaka 20 au 60. Katika mazungumzo ya kila siku maneno haya huchanganywa, na “waandishi chipukizi” hufahamiwa kuwa ni vijana tu. Mchanganyiko huo una hasara, kama mifano ifuatayo inavyoonyesha.

Mwingereza Penelope Fitzgerald alichapa riwaya yake ya kwanza katika 1977, akiwa na miaka 60, na baada ya miaka miwili akapata Tuzo ya Booker. Mfano wa pili u karibu zaidi. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar katika 1948, akahamia Uingereza katika miaka ya 1960. Orodha ya 1983 ilipotolewa alikuwa na umri uliotakiwa, lakini hajachapa riwaya. Riwaya yake ya kwanza ilitoka katika 1987. Orodha ya pili ilipofika, katika 1993, alikuwa na miaka 44, na mlango umefungwa. Orodha zote mbili zilimpita, mojawapo kwa kuwa alichelewa kuchapa, na nyingine kwa kuwa alikwisha kuzidi umri. Katika 2021 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na katika 2022 riwaya yake ya 1994 ikawafikia wasomaji wa Kiswahili kwa jina la Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis.

Historia ya riwaya ya Kiswahili yashuhudia jambo lilo hilo. Shaaban Robert alizaliwa katika 1909, na Kusadikika kilichapwa katika 1951, naye ana miaka 42. Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa katika 1918, alishinda mashindano ya utungaji wa hadithi ya East African Literature Bureau ya 1957–58, na Mzimu wa Watu wa Kale kikachapwa katika 1960. Kama mpaka wa miaka 40 ungalitumika siku kitabu kilipotoka, mwandishi wa Kusadikika na mwasisi wa riwaya ya upelelezi katika Kiswahili wangaliachwa nje wote wawili. Hata hivyo Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa katika 1944, alitoa Rosa Mistika katika 1971 akiwa na miaka 27, na kitabu hicho kiliifungulia riwaya njia mpya. Wahenga wamesema, “Samaki mkunje angali mbichi”, wamesema pia, “Kuishi kwingi ni kuona mengi.” Riwaya huzihitaji methali zote mbili.

Tuzo za Kiswahili zilizoanzishwa karibuni, kama ile ya Mabati-Cornell ya 2014 na Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa mara ya kwanza katika 2023, hazitaji ujana katika majina yao, na ni heri zisiutaje. Lakini tuzo humfikia mshindi. Haimfikishi kwa wasikilizaji. Kazi hiyo ni ya usomaji wa hadhara, na watu wa pwani, waliozoea tenzi kwa sikio kabla ya kitabu, si wageni wa kusikiliza. Wenye kuandaa visomo hivyo wanaweza kuiga ukumbi, maswali na meza ya vitabu bila ya kuiga hesabu ya miaka. Badala ya kumwuliza mtungaji alizaliwa lini, yatosha kumwuliza kitabu chake ni cha ngapi. Mwenye kitabu cha kwanza ndiye chipukizi, na ndiye anayehitaji kusikiwa.