Faili Moja, Safari Mia Tano

Kijana anayetunza hesabu za kisima cha maji huku Gongo la Mboto aliniletea kompyuta yake mpakato. "Kaka, hii mashine imechoka, nataka ninunue nyingine." Kila dumu linalochotwa kwa kadi huandikwa mstari mmoja kwenye faili: namba ya kadi, tarehe, saa, lita. Kadi ni 500, mistari imefika 400,000, na ripoti ya mwezi inakula zaidi ya nusu saa.

Nikamwomba anifungulie programu aliyoiandika. Kwa kila kadi, ilikuwa inafungua faili, inasoma toka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, inajumlisha lita za kadi hiyo, inafunga. Kadi ya pili, inaanza upya. Mistari 400,000 mara 500: milioni 200! Tena kwenye kila mstari ilikuwa inageuza maandishi ya tarehe kuwa tarehe halisi, hata kama mstari si wa kadi inayotafutwa. Kugeuza huko kunachosha kichakataji kuliko watu wanavyodhani. Kwa kompyuta, "2024-03-05" ni herufi 10 tu mpaka zichambuliwe.

Tukapindua mpango. Faili lisomwe mara moja. Kila mstari ukipita, lita zake ziongezwe kwenye jumla ya kadi yake, na jumla zote 500 zikae kwenye kumbukumbu. Sekunde chache ripoti ikatoka, kompyuta ileile. Fedha za mashine mpya zingetoka kwa wachota maji.

Faili likiwa kubwa zaidi, safari za kwenda kwenye diski nazo zina uzito. Sensa ya Tanzania ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Tukimpa kila mmoja mstari wa herufi 100, tunapata gigabaiti 6 na ushee. Kuomba mstari mmoja mmoja ni kujaza pipa kwa kikombe. Ukiomba megabaiti nzima kwa mkupuo, safari zinabaki 6,200 hivi. Python na Java kwa kawaida huchota kwa mafungu zenyewe, kwa hiyo mimi siangalii hapo kwanza. Naangalia safu wima zinazohitajika. Swali likiwa la umri tu, tarakimu 3 katika herufi 100, zile 97 unazibeba za nini? Muundo wa faili kama Parquet huweka umri wote mahali pamoja, programu ikasoma hapo tu.

Kisima hakikuhitaji Parquet. Miezi iliyokwisha haibadiliki, tukahifadhi jumla zake kwenye faili dogo pembeni. Sasa kila mwezi una faili lake, na ripoti inasoma hilo peke yake.