Fahamu: Je, kushusha bei huokoa konsoli isiyouzika?

Bei ya konsoli, yaani mashine maalumu ya kuchezea michezo ya video, ikishushwa, mauzo kwa kawaida hupanda, lakini ongezeko hilo hudumu tu iwapo ipo michezo inayopendwa. Kampuni ya Nintendo iliposhusha bei ya konsoli yake ya 3DS nchini Marekani kutoka takriban dola 250 hadi 170 mnamo Agosti 2011, kisha michezo mipya ya Mario ikafuata mwishoni mwa mwaka huo, kifaa hicho kilifufuka. Wii U, konsoli nyingine ya Nintendo iliyopunguzwa bei kwa dola 50 mwaka 2013, haikuokoka.

Katika miji ya Nyeri, Karatina na Nanyuki nchini Kenya, jambo hili lina sura nyingine, na pengine ndiyo yenye funzo zaidi, kwa kuwa vijana wengi hawanunui mashine bali hulipia mchezo mmoja mmoja katika vibanda vya PlayStation, wawili wawili wakiwa na padi mkononi, wakicheza kandanda. Mnunuzi halisi basi ni mwenye kibanda, ambaye kabla ya bei huuliza kama mchezo wa kandanda uliozoeleka na wateja wake upo, kama padi, ambazo huchakaa upesi, zinapatikana, na kama yuko fundi wa kuitengeneza mashine yenyewe. Punguzo linalotangazwa Marekani humfikia likiwa limemegwa na gharama za usafiri na VAT ya asilimia 16, huku PlayStation 4 ya mtumba ikiendelea kumwingizia pesa.