JE, WAJUA? Korona iliwanenepesha vijana na kuwakondesha pia

Mapema mwaka 2021, Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kiliwahoji watu wazima nchini humo. Asilimia 42 walisema kwamba tangu janga la korona lianze wameongezeka uzito kuliko walivyotaka. Asilimia 18 walipungua pasipo kutaka. Miongoni mwa vijana, walionenepa walikuwa karibu nusu. Wapo wanaodai huo ni uvivu na ulafi tu, lakini uvivu haumkondeshi mtu. Kilichobadilika ni maisha yenyewe. Vyuo vilifungwa, na mwanafunzi aliyekuwa akitembea toka bwenini hadi darasani, kisha maktaba, akawa anasomea kitandani, kompyuta mapajani, vitafunio kando, usingizi ukimjia alfajiri. Mwenzake aliyekuwa mhudumu wa mgahawa alipoteza kazi, na pengine mlo aliokuwa akiupata huko. Hofu ile ile ya korona humfanya mmoja ale ovyo, mwingine akose hamu kabisa. Ni kweli kwamba hizo ni kauli za wahojiwa, hawakupimwa kwenye mizani. Takwimu zenyewe zaweza kutiliwa shaka, ila mabadiliko ya pande zote mbili hayaelezeki kwa tabia mbaya peke yake. Basi ukikutana na kijana aliyebadilika umbo tangu wakati ule, usimtanie. Muulize habari za usingizi, kazi na upweke.