Takwimu kwa Mtafiti wa Ustawi wa Jamii: Mfano wa Ujiji

Mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika ustawi wa jamii, ambaye mara nyingi amekwisha kufanya kazi miaka mingi na familia zenye dhiki, huiogopa takwimu kwa kudhani kwamba ugumu wake umo katika kanuni za hesabu, ilhali ugumu mkubwa zaidi huja mapema, pale anapoamua nani aulizwe na lini.

Ujiji, mji ulio kando ya Ziwa Tanganyika, hulionyesha jambo hilo waziwazi. Dagaa wa ziwa hilo huvuliwa usiku kwa taa, na kwa kuwa taa haiwavuti vizuri penye mbalamwezi, wavuvi hupumzika siku kadhaa mwezi unapokuwa mpevu. Mtafiti atakayeuliza mapato ya kaya katika siku hizo pekee ataandika habari za ufukara, na atakayeuliza wakati wa giza ataandika habari za neema, ingawa wote wawili watakuwa wamejumlisha sawasawa. Kosa hilo, liitwalo upendeleo, haliponi kwa kuongeza wahojiwa.

Linalopungua kwa kuongeza wahojiwa ni kosa la sampuli, yaani tofauti inayoletwa na bahati tu pale sehemu ya watu inapochaguliwa kwa nasibu kuwakilisha wote. Sampuli ya kaya 400 huacha shaka ya takriban asilimia 5 juu au chini, na kuipunguza shaka hiyo kwa nusu hudai kaya 1,600, si 800. Ajabu ni kwamba mkoa wote wa Kigoma, uliokuwa na watu 2,470,967 katika sensa ya 2022, hauhitaji sampuli kubwa sana kuliko manispaa ya Kigoma-Ujiji peke yake.

Wastani nao una hila zake. Kaya tano za kubuni zikipata shilingi 3,000, 4,000, 5,000, 6,000 na 42,000 kwa siku, ya mwisho ikiwa ya mwenye mitumbwi, wastani ni 12,000, kiasi ambacho kaya nne hazivuki hata nusu yake. Thamani ya katikati, 5,000, ndiyo inayomsema mwanamke anayeanika dagaa mchangani.

Kuhusu kizingiti cha 0.05 kitumikacho katika majaribio ya takwimu, kilichoenezwa na kitabu cha Ronald Fisher cha 1925, yatosha kukumbuka kwamba hupima iwapo tofauti yaweza kuwa ya bahati, wala hakisemi kama ni kubwa kiasi cha kubadili chakula cha kaya.