Usipunguze tundu tu, inamisha lenzi: somo kwa wapiga picha wa Mji wa Kale

Nikitazama picha za Mji wa Kale wa Mombasa ambazo vijana wetu wanatumiana kwenye simu, naona kasoro moja inajirudia. Mpiga picha amesimama karibu na ukuta pale Ndia Kuu. Anataka nakshi za mlango ulio karibu naye na roshani za mwisho wa njia vyote vionekane barabara. Mlango umetoka mkali, roshani zimefifia. Au kinyume chake. Si jambo dogo, kwani nyumba hizi hazitatungoja. Roshani ikishang'olewa, picha ndiyo itakayobaki kuwaonyesha wajukuu ilikuwaje.

Dawa inayojulikana na wengi ni kupunguza tundu la lenzi. Ni kweli, tundu likiwa dogo, eneo lililo kali mbele na nyuma ya fokasi huongezeka. Lakini lina gharama yake. Ukitoka f/16 hadi f/45, mwanga unaoingia hubaki sehemu moja tu ya nane. Picha iliyohitaji 1/15 ya sekunde sasa itahitaji nusu sekunde, na kwa nusu sekunde mama aliyepita na buibui lake anageuka kivuli. Juu ya hayo, tundu likiwa dogo mno mwanga hutawanyika, na picha nzima hupoteza ukali.

Iko njia nyingine, nayo ni ya kale. Ile kamera kubwa ya mvukuto inayosimama juu ya miguu mitatu, mpiga picha akajifunika kitambaa cheusi, haikuundwa vile kwa urembo. Mvukuto unaruhusu lenzi na filamu kuinamishwa au kugeuzwa, kila kimoja kivyake. Kamera za kawaida zimefunga lenzi na filamu zielekeane sawasawa daima.

Faida yake ni hii. Katika kamera ya kawaida, sehemu iliyo kali husimama mbele yako kama ubao wa mlango: unaweza kuusogeza karibu au mbali, lakini unabaki wima. Ukiinamisha lenzi mbele, ubao ule unalala chini kama mkeka, ukaanzia karibu na miguu yako hadi upeo wa macho. Ukigeuza lenzi kuelekea ukutani, ubao unageuka ukalala sambamba na ukuta. Yaani unapeleka ukali pale kitu kilipo, badala ya kuutandaza kila mahali.

Kanuni yake inaitwa kwa jina la Theodor Scheimpflug, ofisa wa jeshi la Austria, aliyekuwa akitafuta namna ya kurekebisha picha zilizopigwa kutoka angani. Katika hataza yake ya mwaka 1904 alimtaja Mfaransa Jules Carpentier aliyemtangulia. Kanuni inasema: ukirefusha bapa la filamu, bapa la lenzi na bapa la vitu vilivyo kwenye fokasi, yote matatu hukutana kwenye mstari mmoja.

Hesabu yake ni nyepesi. Gawanya urefu wa fokasi ya lenzi kwa umbali kutoka lenzi hadi ukutani. Jibu ndilo saini ya pembe. Lenzi ya milimita 150, ukuta ulio mita 1.5 ubavuni mwako: jibu ni 0.1, yaani karibu nyuzi 6. Wengi hudhani lazima lenzi ipindwe sana, kumbe ni kidogo tu.

Kwa vitendo, weka fokasi kwenye kitu cha mbali, kisha geuza lenzi polepole mpaka cha karibu kiwe kikali. Cha mbali kitakuwa kimehama kidogo, kirekebishe, urudie. Kagua kioo cha nyuma kwa kioo cha kukuzia. Ubao wa filamu uache wima, maana ukiuinamisha huo, maumbo hubadilika na kuta zikaonekana zinaanguka.

Sasa tahadhari. Ukali huu una umbo la kabari: mwembamba karibu nawe, mnene kadiri unavyokwenda mbali. Ukiulaza chini kama mkeka, mnazi ulio karibu utakuwa mkali shinani na kufifia kileleni. Ukiulaza ukutani, roshani iliyojitokeza karibu nawe itapotea. Kwa hiyo jiulize kwanza: vitu ninavyovitaka vimelala kwenye uso mmoja? Kama sivyo, acha lenzi wima na upunguze tundu.

Asiye na kamera ya mvukuto asikate tamaa. Ziko lenzi za kuinamisha kwa kamera ndogo. Canon walitoa yao ya milimita 35 mwaka 1973. Ni ghali, lakini kikundi kinaweza kuchangishana na kutumia kwa zamu. Na kama hakuna kinachotembea njiani, piga picha kadhaa kamera ikiwa imetulia, kila moja na fokasi yake, kisha ziunganishe kwa kompyuta. Ule ukungu wa programu za simu hauhusiani na haya, kwani wenyewe unafuta, na sisi tunataka kuhifadhi.

Ndugu zangu wapiga picha, nakshi zile zilichongwa kwa subira. Tuzipige picha kwa subira pia, inshallah.